Sajini Yule Alikuwa na Jina

Tarehe 14 Oktoba 1940, London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, lilitangaza kwamba Kapteni Eric Charles Twelves Wilson ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika majeshi ya nchi hiyo. Maelezo ya nishani yalikuwa mafupi lakini yalisheheni mambo. Yalisema kwamba kapteni huyo aliongoza bunduki za rashasha zilizoshikwa na askari wa Kisomali katika kilima kilichoitwa Observation Hill, huko Somalia ya Waingereza. Kwamba alipigana kuanzia tarehe 11 hadi 15 Agosti akiwa na majeraha ya bega la kulia na jicho la kushoto, na mwishoni malaria ikamwandama pia. Yalisema sajini wake wa Kisomali aliuawa ubavuni pake. Yakamalizia kwamba Wilson naye aliuawa pale adui alipoivamia ngome yake saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho. Hilo la mwisho halikuwa kweli. Wilson alikuwa hai, mfungwa wa Waitaliano katika kambi ya Adi Ugri nchini Eritrea, na alikuja kufariki Desemba 2008 akiwa na umri wa miaka 96. Aliyekufa kilimani ni yule sajini, na gazeti halikumtaja jina.

Kosa la kumtangaza marehemu mtu aliye hai lilisahihishwa. Wafungwa wa Adi Ugri walikombolewa mwaka 1941 Waitaliano waliposhindwa Eritrea, na Julai 1942 Mfalme George wa Sita alimvisha Wilson nishani yake. Kosa la pili halikuhesabiwa kuwa kosa hata kidogo. Jina la sajini lilikuja kuandikwa miaka mingi baadaye, ndani ya habari za maisha ya kapteni wake: Omar Kujoog. Hoja ya makala hii inatoka katika kutofautiana huko. Maelezo ya nishani ya afisa, yakisomwa kwa makini, ni ushahidi wa ushujaa wa kundi zima uliowekwa chini ya jina la mtu mmoja. Kwa hiyo sifa ya afisa hujitosheleza pale tu wale waliosimama naye wanapotajwa. Na kazi ya kuwataja ni yetu sisi watu wa eneo hili, maana waliotunga maelezo yale hawakuona kwamba kuna pengo.

Kwanza tuitazame vita yenyewe. Italia ilivamia Somalia ya Waingereza tarehe 3 Agosti 1940, takriban miezi miwili tangu iingie vitani upande wa Ujerumani. Jeshi la Jenerali Guglielmo Nasi, lenye watu wapatao 25,000, liligawanyika katika safu kadhaa, na safu kubwa ikaelekea Hargeisa ili ishuke hadi bandari ya Berbera. Njia ya magari ilipita katika mwanya wa Tug Argan, bonde pana la mchanga na miiba lililozungukwa na vilima vya mawe. Waingereza hawakuwa na askari wa kutosha kulinda mstari mzima, hivyo waliweka ngome juu ya vilima vilivyotengana, kila kimoja kikitegemea risasi za kilima jirani. Waliojaza ngome hizo na maeneo ya nyuma yake walikuwa askari wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kikosi cha Nyasa cha King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Vikosi viwili vya Punjab. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Na Wasomali wa Kikosi cha Ngamia. Kikosi kimoja tu, Black Watch cha Waskochi, ndicho kilichokuwa cha wazungu. Mtu akisema Waingereza walisimama Tug Argan, akumbuke kwamba wengi wa Waingereza hao walikuwa Waafrika na Wahindi.

Katika mazingira hayo, alichofanya Wilson hakihitaji kutiwa chumvi wala kupunguzwa. Siku ya kwanza bunduki zake ziliurudisha nyuma uvamizi dhidi ya kilima chake, kisha zikawageukia Waitaliano waliokuwa wakikishambulia kilima cha jirani. Hasara waliyoipata ilimfanya adui aazimie kuzinyamazisha. Alisogeza mizinga midogo inayobebwa na wanyama mpaka umbali wa takriban mita 640, na makombora mawili yakaingia moja kwa moja kupitia matundu ya kufyatulia. Yalilipuka ndani, yakawajeruhi Wilson na wenzake kadhaa, yakazing'oa bunduki kwenye miguu yake. Zilitengenezwa, zikarudishwa mahali pake, mapigano yakaendelea. Tarehe 12 na 14 mizinga ilielekezwa tena kilimani hapo. Tarehe 15 ngome mbili za rashasha zilisambaratishwa, na ile aliyokuwamo Wilson ikaendelea kufyatua mpaka ilipozidiwa. Mtu aliyepata majeraha ya jicho na bega siku ya kwanza, majeraha yasiyopata tiba, na bado akawa kazini siku ya tano, anastahili nishani katika jeshi lolote. Atakayeisoma makala hii kama jitihada za kumvua Wilson heshima yake atakuwa ameisoma visivyo.

Lakini tuitazame bunduki yenyewe. Vickers, rashasha ya jeshi la Uingereza ya zama hizo, ilihudumiwa na timu ya watu sita. Mmoja alilenga na kufyatua. Wa pili aliingiza mkanda wa turubai wenye risasi 250, akihakikisha haujikunji wala kukwama. Wengine walibeba mikanda mipya kutoka stoo, walijaza ile iliyokwisha, walipima umbali, na walileta maji, kwa sababu mtutu ulizungukwa na gamba lililojazwa takriban lita nne za maji ili usiharibike kwa joto. Maji hayo yalichemka na kupungua kila bunduki ilipofyatuliwa kwa muda mrefu. Katika Agosti ya nyanda za Somalia, kumimina maji ndani ya bunduki badala ya kinywani ni uamuzi, na mtu wa kuufanya lazima awepo. Zaidi ya hayo, Wilson alikuwa na bunduki zaidi ya moja katika ngome zaidi ya moja. Hakuna kapteni, awe na ushujaa wa namna gani, anayeweza kuendesha kazi hiyo siku tano peke yake huku jicho moja likitoka damu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila siku ambayo maelezo ya nishani yanasema bunduki za Wilson ziliendelea kufyatua, yanatuambia pia, bila kukusudia, kwamba Wasomali waliokuwa pale walikataa kukimbia. Walipigwa na makombora yaleyale, ndani ya kuta zilezile.

Pengine mtu ataona nimejenga hoja kubwa juu ya tukio moja. Basi tuongeze la pili, lililo karibu zaidi na Watanzania. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito kusini mwa Ethiopia, kikosi cha 1/6 cha Keya, kikosi cha Tanganyika, kilivuka mto Billate na kushika ukingo wa upande wa adui. Waitaliano walijibu kwa vifaru vilivyotokea ghafla. Sajini Nigel Gray Leakey, mzungu mzaliwa wa Kenya, ambaye mzinga wake mdogo ulikuwa umeishiwa mabomu, alirukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva huyo kukipeleka mafichoni. Kisha akatoka kwa miguu kuviwinda vifaru vingine. Alifanikiwa kupanda kimoja zaidi na hapo ndipo alipopigwa risasi. Alitunukiwa Victoria Cross tarehe 15 Novemba 1945. Maelezo ya nishani yake yana jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: yanasema alipokwenda kuviwinda vifaru kwa miguu alikuwa pamoja na sajini meja Mwafrika wa kombania na askari wengine wawili. Watu wanne walitoka katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa na risasi, wakavifuata vifaru kwa silaha za mkononi. Mmoja ana jina, picha, na ukoo unaojulikana duniani. Watatu wamebaki na cheo tu.

Matukio mawili, nishani mbili, na katika kila moja Mwafrika amekaa ndani ya sentensi ileile inayomsifu mzungu, akifanya jambo lilelile, bila jina. Huko hakuwezi kuwa kupitiwa kwa karani mmoja. Kulitokana na namna nishani zinavyopatikana. Askari hajipendekezi mwenyewe. Hupendekezwa kwa maandishi na mkubwa wake, maelezo ya mashahidi hukusanywa, na karatasi hupanda ngazi baada ya ngazi. Katika Keya na Kikosi cha Ngamia, ngazi hiyo yote ilishikwa na wazungu. Wakati wa vita ile Mwafrika wa Keya hakuweza kuwa afisa; alipanda mpaka sajini meja na hapo njia ikafungwa. Askari wengi hawakujua kuandika Kiingereza, lugha ambayo ripoti ziliandikwa. Ikitokea afisa amekufa au ametekwa, kama ilivyokuwa Observation Hill, mtu wa kuandika kuhusu sajini alikuwa hayupo, ilhali wa kuandika kuhusu afisa walikuwapo makao makuu, tena wakiwa tayari kumtukuza hata kabla hawajajua kama ni mzima au ni maiti.

Kulinganisha na Wahindi kunalidhihirisha jambo hili. Wahindi waliruhusiwa kupata Victoria Cross tangu mwaka 1911, na katika kampeni hiihii ya Afrika Mashariki wawili waliipata: Luteni Usu Premindra Singh Bhagat, aliyetegua mabomu ya ardhini mfululizo mwanzoni mwa 1941, na Subedar Richhpal Ram, aliyeuawa katika mapambano ya Keren, Eritrea, Februari mwaka huohuo. Bhagat alikuwa afisa kamili. Subedar kilikuwa cheo cha uongozi ambacho jeshi la India liliwapa wenyeji, na mwenye nacho alijulikana kwa jina makao makuu. Baadaye Wahindi wa vyeo vya chini kabisa nao walitunukiwa. Maana yake ni kwamba mfumo wa Kiingereza uliweza kumwona shujaa asiye mzungu ukitaka, hasa pale jeshi lilipokuwa na ngazi ya kumpandisha na desturi ya kumwandika. Afrika Mashariki haikujengewa ngazi hiyo. Matokeo yake, katika Vita vyote vya Pili vya Dunia, ambavyo zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki na Nyasa walivaa sare, na ambavyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana wakati wa masika katika bonde la Kabaw huko Burma, hakuna Mwafrika mweusi hata mmoja aliyepata Victoria Cross. Anayetaka tuamini kwamba katika halaiki hiyo hakutokea hata mmoja aliyelingana na Wilson au Leakey ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Yapo mapingamizi, na mengine ni mazito. La kwanza ni kwamba Waafrika hawakunyimwa nishani zote. Ni kweli. Kulikuwa na Distinguished Conduct Medal maalumu kwa askari wa Keya na wenzao wa Afrika Magharibi, na katika vita ya pili wapo waliopata Military Medal, tena kwa haki na kwa majina yao kamili. Lakini jibu hilo linaniongezea hoja. Kama utaratibu wa kuwatunuku askari Waafrika ulikuwapo, basi kilichokosekana pale Tug Argan na Colito hakikuwa fomu wala medali. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka kuona kwamba sajini aliyekufa kwenye bunduki, au sajini meja aliyevifuata vifaru kwa miguu, ana habari inayojitegemea na si kipambo cha habari ya mwingine. Tena nishani ya Leakey ilitangazwa zaidi ya miaka minne baada ya kifo chake. Hivyo haiwezi kusemwa kwamba haraka ya vita iliwanyima wakubwa nafasi ya kuuliza waliokuwa naye ni akina nani.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanajeshi wenyewe, nalo linastahili kusikilizwa. Wanasema mzigo wa kamanda ni tofauti. Askari anatii, afisa anaamua. Afisa akikata tamaa, ngome nzima huanguka, na akibaki, wengine hubaki. Kwa hiyo kumtunuku yeye ni kuitunuku ngome. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Uthabiti wa kiongozi huambukiza, na pale Observation Hill bila shaka uliwaambukiza wengi. Lakini utii haueleweki vizuri ukidhaniwa kuwa hauna uamuzi. Siku ya nne ya kupigwa makombora, kapteni akiwa mgonjwa na nusu kipofu, hakuwa na nguvu za kumzuia yeyote asiteremke mlimani usiku. Askari wa Kisomali walikuwa katika nchi yao, waliijua kila njia ya mbuzi, na ndugu zao walikuwa huko chini. Kati ya wote waliokuwa Tug Argan, wao ndio ambao kutoroka kungekuwa rahisi zaidi kwao, na kwa sababu hiyohiyo kubaki kwao kuna uzito wa pekee. Zaidi ya hapo, kama nishani ya kamanda ni ya ngome nzima, kama wasemavyo, basi wenye ngome waandikwe. Haiwezekani tuzo iwe ya wote wakati wa kuitetea na ya mmoja wakati wa kuichonga kwenye jiwe.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi katika vijiwe na vyuo vyetu: hiyo ilikuwa vita ya wakoloni, askari walimtumikia bwana aliyewatawala, na kuwaenzi ni kuuenzi utumwa. Wanaosema hivyo wana sababu. Baadhi waliandikishwa kwa nguvu, malipo yalipangwa kwa rangi, na upande wa pili wa kilima wengi wa waliokuwa wakipanda chini ya bendera ya Italia walikuwa Waafrika pia, wakiwamo Waeritrea na Wasomali. Hata hivyo hoja hii inachanganya mambo mawili: uhalali wa dola na ushujaa wa mtu. Tunaweza kuulaani ukoloni bila kuwafuta wakazi wake. Tena vita dhidi ya Italia ya Mussolini haikuwa jambo la wazungu watupu. Utawala huo ulikuwa umemwaga gesi ya sumu juu ya Waethiopia mwaka 1935 na 1936, na ulipoondolewa Addis Ababa mwaka 1941, askari wa Keya walikuwa miongoni mwa walioifungua njia. Na askari hawa hawakuwa vibaraka wasio na maoni. Waingereza walipohama Berbera, askari wa Kikosi cha Ngamia walipewa hiari ya kuondoka nao au kubaki, na wengi walichagua kubaki kwao. Mwaka 1944 kikosi hichohicho kiliasi na kikavunjwa. Watu wanaoweza kupigana siku tano, kisha wakakataa kuhamishwa, kisha wakaasi, ni watu waliokuwa na hesabu zao wenyewe. Anayewafanya watumwa wasio na akili anawanyima utu kwa mara ya pili, safari hii kwa jina la uzalendo.

Iko pia hatari ya upande wa pili, nayo ni kuhesabu ushujaa kwa wingi wa damu. Baada ya Berbera kuhamwa, Winston Churchill alinung'unika kwamba majeruhi walikuwa wachache mno, kana kwamba jeshi halikupigana. Jumla ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea ilikuwa takriban 260. Jenerali Archibald Wavell, mkuu wa majeshi ya Mashariki ya Kati, alimjibu kwa maneno yaliyomkera sana: kwamba wingi wa waliochinjwa si lazima uwe ushahidi wa mbinu njema. Wavell alikuwa sahihi. Lakini mabishano hayo yanatuonyesha nishani ya Wilson ilizaliwa katika hali gani. Uingereza ilikuwa imepoteza koloni, waziri mkuu alikuwa na hasira, na habari ya kapteni aliyekufa akipigana mpaka mwisho iligeuza aibu kuwa fahari. Habari ya namna hiyo inahitaji uso mmoja na jina moja. Majina kumi ya Kisomali yasingefanya kazi hiyo katika magazeti ya London. Hali hiyo haipunguzi ukweli wa alichokitenda Wilson, ila inaeleza kwa nini mwanga ulimwangukia yeye peke yake.

Pingamizi la mwisho ni la wenye kukata tamaa: haya ni ya kale, majina yamepotea, tuache. Jibu linatoka kwa wale ambao kazi yao ni makaburi. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ya kamati yake maalumu kuhusu Vita vya Kwanza. Ilikiri kwamba kati ya wafu 45,000 na 54,000, wengi wao wa Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao wa Ulaya, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wakiwamo wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam iliyosimamishwa mwaka 1927, na ile ya Nairobi ya mwaka uliofuata, ni mazao ya fikra hiyo ya kukumbuka bila majina: shaba nzuri, watu wa mfano, na hakuna jina hata moja. Katika vita ya pili mambo yalikuwa nafuu. Ukuta wa kumbukumbu wa Taukkyan huko Burma una majina ya Waafrika waliokufa bila kaburi linalojulikana. Unafuu huo ni uthibitisho kwamba orodha zilikuwapo na zinaweza kutumika. Jeshi linalolipa mishahara huandika majina. Orodha za malipo, shajara za vikosi na vitabu vya kuandikisha viko katika hifadhi za nyaraka, London na huku kwetu. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa navyo, akijua kombania gani ilikuwa wapi siku gani.

Hapa ndipo lazima tujiangalie wenyewe, maana ugonjwa huu haukuondoka na bendera ya Mwingereza. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilipiganwa na jeshi letu, chini ya maafisa wetu, kwa sababu zetu. Majina ya David Musuguri, Silas Mayunga na John Walden tunayajua, na ni haki kuyajua. Lakini jeshi lile lilivimba kwa makumi ya maelfu ya mgambo waliotoka vijijini na viwandani, na huko Lukaya nchini Uganda, tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 iliyojaa mgambo ndiyo iliyopokea pigo la Waganda na Walibya, ikavurugika, kisha ikapangwa upya na kupigana tena kesho yake. Kurudi vitani baada ya kukimbia ni ushujaa wa aina ngumu, na haukufanywa na majenerali peke yao. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yametunza majina ya waliokufa, na kwa hilo tumewashinda waliojenga sanamu za shaba. Waliorudi hai ndio tunaowapoteza. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka silaha za jadi na mashada kwa heshima ya wote kwa ujumla, na kwa ujumla huohuo tunaendelea kuwapoteza mmoja mmoja.

Kinachofaa kufanywa hakihitaji bajeti ya kutisha. Waandishi wa vitabu vya historia na wahariri wa magazeti wajiwekee kanuni moja: habari ya ushujaa wa afisa isichapwe bila kuuliza ni nani waliokuwa naye, na kama majina hayajapatikana, pengo hilo liandikwe wazi ili mwingine alitafute. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Hargeisa viwape wanafunzi wa historia kikosi kimoja kila mmoja, aandike orodha ya watu wake kwa kadiri nyaraka zinavyoruhusu. Mwanafunzi wa Kitanzania akianza na kombania za 1/6 pale Colito, atakuwa anamtafuta sajini meja ambaye huenda wajukuu wake wako Songea au Tabora na hawana habari. Serikali zetu ziiombe Uingereza nakala za shajara na orodha za Keya kama haki, kwa kuwa wazee wetu ndio walioandikwa humo. Na kwa Kagera, ambako mashahidi bado wanapumua, Jeshi la Wananchi lirekodi simulizi za mgambo na koplo kwa uzito uleule linaowapa majenerali, tena sasa, kwa kuwa aliyekuwa na miaka 20 wakati ule amekwisha kupita 65.

Wapo watakaohofu kwamba tukiwaweka wengi katika picha, afisa atafifia. Kwa Wilson hofu hiyo haina msingi. Baada ya vita aliitumikia serikali ya Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1961, na uzeeni alikuwa katibu wa heshima wa jumuiya ya urafiki wa Waingereza na Wasomali. Ukimwacha peke yake juu ya kilima, unapata kisa cha ajabu ambacho mtu mwenye akili zake ana haki ya kukitilia shaka: jicho moja, bega lililojeruhiwa, malaria, na bunduki kadhaa zinazofyatua siku tano. Ukiwarudisha waliovuta mikanda, waliochota maji na waliofia kwenye mtutu, kisa kinaaminika, na kapteni anabaki shujaa aliyestahili kuongoza watu wa namna hiyo. Taifa linaloandika majina ya wote halipungukiwi na mashujaa wakubwa. Linapata sababu ya kuwaamini.